Kumtafuta simbamangu Ndutu: mwongozo wa safari ya siku nne

Ukikaa Ndutu, mpakani mwa Ngorongoro na Serengeti, siku nne za Februari utaona simba, fisi, duma na nyumbu wasiohesabika hata usipojitahidi. Simbamangu, paka wa mwituni, ni habari nyingine. Mimi nilikwenda mara tatu nikarudi Arusha na vumbi tu, na mara ya nne nikamwona kwa dakika zisizofika nne. Ninaandika haya kwa ajili ya mtu anayetaka kwenda kwa ajili yake hasa, akijua kwamba anaweza kumkosa, na bado akataka kwenda.

Hatua ya kwanza: mjue unayemtafuta

Jina lisikuchanganye. Simbamangu hana undugu wa karibu na simba. Ukoo wake ni mmoja na mondo, paka mwenye madoa, pamoja na yule paka wa dhahabu wa misitu ya Uganda na Kongo ambaye hata watafiti humwona zaidi kwenye picha za kamera za kutegwa kuliko kwa macho yao. Simbamangu mzima ana uzito wa kati ya kilo 8 na 18, na akisimama bega lake halizidi goti la mtu mzima. Mgongo wake hauna doa. Ni mwekundu wa udongo, ule udongo wa mashamba ya Karatu mvua inapokuwa imekauka juzi tu.

Kinachomtambulisha ni masikio. Nyuma ni meusi, na kwenye ncha ya kila sikio kuna shungi la nywele nyeusi lenye urefu wa sentimita nne au tano. Waturuki walimwita karakulak, yaani sikio jeusi, na Wazungu wakalichukua jina hilo hilo wakalifupisha kuwa caracal. Mkia wake ni mfupi, haufiki chini. Miguu ya nyuma ni mirefu kuliko ya mbele, na hapo ndipo ilipo nguvu yake: anaweza kuruka juu karibu mita tatu na kumpiga ndege aliyekwisha kupaa. Zamani watawala wa Uajemi na India waliwafuga na kuwafunza kuwinda ndege na sungura.

Kwa mbali, na hasa jua likiwa machoni, utamchanganya na wengine wawili. Mondo ana madoa na mistari, miguu mirefu kama ya mtu aliyevaa viatu vya kuchuchumia, na masikio makubwa ya mviringo yenye mkanda mweupe kwa nyuma. Ukimwona mnyama mwembamba kwenye nyasi za kinamasi akigeuza kichwa huku na huku kama anayesikiliza redio, huyo ni mondo anayetega panya. Kimburu ni paka wa mwituni anayefanana na paka wa nyumbani, ila miguu yake ni mirefu zaidi na nyuma ya masikio ana wekundu. Usimdharau kimburu. Anapotea kimyakimya kwa sababu anazaliana na paka wa majumbani, na wanaozaliwa si kimburu tena. Ukiwa na paka na unaishi karibu na hifadhi, mpeleke kwa daktari wa mifugo akahasiwe.

Kanu, yule mwenye mkia mrefu wa pete anayekuja kunusa sufuria kambini usiku, si paka kabisa, ingawa kila safari kuna mgeni anayemwandika hivyo.

Hatua ya pili: chagua mahali na majira

Simbamangu yupo sehemu nyingi za ukanda wetu: Serengeti, Tarangire, Ruaha, Samburu na Tsavo kule Kenya, Kidepo kaskazini mwa Uganda. Ndugu zetu walioko Oman wanaye hata huko, kwenye milima ya Dhofar, na Kiarabu humwita washaq. Kwa hiyo hajakaribia kutoweka. Uadimu wake ni wa kuonekana: hutembea peke yake, zaidi usiku, na mchana hulala ndani ya kichaka bila kutikisa hata sikio.

Nimechagua Ndutu kwa sababu ya ardhi yake. Ndutu iko ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro, mpakani na Serengeti, kati ya ziwa Ndutu na ziwa Masek. Udongo wa nyanda zile ni majivu ya volkano, na chini yake kuna tabaka gumu kama saruji ambalo mizizi ya miti haipenyi. Ndiyo maana uwanda ni nyasi fupi tupu, na miti ya migunga inabaki kuzunguka maziwa na makorongo. Simbamangu anapenda pale viwili hivi vinapokutana: kichaka cha kujificha nyuma yake, uwazi wa kuwinda mbele yake. Na nyasi zikiwa fupi, masikio yake hayana pa kwenda.

Miezi ninayoipenda ni Januari hadi mwanzoni mwa Machi. Nyumbu wanazaa, lakini kwetu hiyo si hoja kubwa. Muhimu ni kwamba swala tomi nao wana watoto, sungura wamejaa, na uwandani kuna ndege wengi wakiwemo korongo weupe waliotoka Ulaya. Chakula cha simbamangu kiko mezani. Ubaya wa miezi hiyo ni magari. Duma mmoja anaweza kuzungukwa na magari ishirini. Ukitaka utulivu nenda Juni au Julai, ila asubuhi ni baridi kali na wanyama wakubwa wengi wamekwishahama.

Hatua ya tatu: dereva kwanza, gari baadaye

Hapa ndipo safari inapofaulu au kuharibika, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Safari yangu ya kwanza nilijiunga na gari la watu watano nisiowajua kupitia kampuni moja ya mjini. Dereva alikuwa kijana mchangamfu, lakini redio ya gari ikilia tu kwamba kuna simba mahali, tulikuwa tumeshageuza. Siku ya pili tuliendeshwa zaidi ya saa moja kwenda kuona simba waliolala, wakati asubuhi ile ile tulikuwa tumewapita kanga wanapiga kelele kichakani bila hata kupunguza mwendo. Simlaumu sana. Wenzangu watano walilipia simba.

Tangu hapo nafanya hivi. Natafuta wenzangu watatu wanaotaka ninachotaka, tunachangia gari moja lenye paa la kufunguka, kila mtu na dirisha lake. Halafu, kabla ya kulipa, naomba kuongea na dereva mwenyewe, si mtu wa ofisini. Yule aliyetupeleka mara ya nne ni mzee wa Karatu, na mazungumzo yetu yalikuwa mafupi:

"Shikamoo mzee. Simba nimeshawaona wa kutosha. Safari hii nataka simbamangu, na mondo akipatikana."

"Marahaba mwanangu. Una siku ngapi?"

"Nne."

"Basi tutakuwa tunasimama sana kuliko kutembea. Wenzako wataweza?"

Swali hilo la mwisho ndilo nililokuwa nalitafuta. Dereva akikuahidi kwamba utamwona kwa hakika, shukuru uondoke. Akikuuliza kuhusu uvumilivu wa wenzako, lipa.

Mkubaliane mambo matatu mapema: redio ipunguzwe sauti, gari lizimwe injini kila mnaposimama, na bakshishi yake haitategemea kama mnyama ameonekana. Hilo la tatu lina uzito kuliko linavyosikika. Dereva anayejua kwamba mfuko wake unategemea kuonekana kwa mnyama atamsogelea mno na kumkatia njia.

Hatua ya nne: vitu vya kubeba

Darubini kwa kila mtu, si moja ya kupokezana. Ya 8x42, yaani inayokuza mara nane na yenye lenzi za milimita 42, inatosha na haichoshi mikono. Ukilazimika kuchagua kati ya kamera kubwa na darubini nzuri, chukua darubini.

Mwenye kamera ashone mfuko wa kuegemeza lenzi: kata mguu wa suruali kuukuu ya jinzi, shona upande mmoja, jaza kilo mbili za maharage, shona upande wa pili. Unaulaza dirishani, lenzi inatulia juu yake. Safari ikiisha maharage yanaingia jikoni.

Sweta na kofia ya sufi, maana barabara inapita ukingoni mwa kreta ya Ngorongoro kwenye mwinuko wa zaidi ya mita 2,000, na hata Ndutu alfajiri paa likiwa wazi meno hugongana. Nguo za rangi ya nyasi au udongo. Ukipanga kupitia Tarangire acha nguo za bluu na nyeusi, mbung'o wanazifuata. Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku nchini tangu Juni 2019, kwa hiyo funga vitu kwenye vitambaa au makopo. Daftari dogo na penseli. Wino wa kalamu huleta shida kwenye vumbi na baridi.

Hatua ya tano: njia

Kutoka Arusha unashika barabara ya Dodoma hadi Makuyuni, unakunja kulia, unapita Mto wa Mbu na kupanda bonde hadi Karatu. Ni kama kilomita 140, lami tupu. Jaza mafuta Karatu na ununue maji ya siku zote nne. Malipo ya hifadhi hufanywa kwa mtandao na si kwa fedha taslimu getini, kwa hiyo kampuni ishughulikie namba ya malipo siku moja kabla. Raia tunalipa kwa shilingi, kiasi kidogo sana ukilinganisha na mgeni; beba kitambulisho cha taifa.

Baada ya lango la Loduare lami imekwisha. Unazunguka ukingo wa kreta, unateremka kuelekea Oldupai, na kabla ya kufika Naabi, lango la Serengeti, unaacha barabara kuu kushoto kwenda Ndutu. Barabara ina mikunjo kama bati, na gari litatetemeka hadi skrubu za miwani zilegee. Funga kamera ndani ya kanga.

Ulizeni getini kuhusu kuacha njia. Ndani ya Serengeti gari halitoki barabarani. Upande wa Ndutu linaruhusiwa kwa nyakati na maeneo fulani, na kanuni hubadilika. Dereva asikuambie "hapa hakuna shida" bila kuuliza.

Hatua ya sita: kutafuta

Mtoke kambini saa kumi na mbili asubuhi, giza likianza kuachia. Saa mbili za kwanza ndizo zenye thamani kuliko siku yote iliyobaki. Chai mtakunywa saa tatu.

Fuateni ukingo wa migunga, uwanda ukiwa upande mmoja na vichaka upande mwingine, kwa mwendo wa mtu anayetembea. Gawaneni macho: mmoja anaangalia karibu kushoto, mmoja karibu kulia, wawili mbali. Kila baada ya mita mia tatu hivi mzime injini na mkae dakika kumi bila kuongea. Dakika mbili za kwanza hazina faida, ni masikio tu yanazoea kimya. Kuanzia ya tatu utaanza kusikia.

Na kusikia ndiko kunakomtoa simbamangu, kwa sababu wenyeji wa pale wanamwona kabla yako. Kanga wakianza kukaripia kwa pamoja na hawaachi, kuna mtu chini yao. Digidigi anapiga mluzi wa puani, mfupi na mkali. Swala tomi watano wakinyoosha shingo kuelekea sehemu moja bila kukimbia, usiwaangalie wao. Angalia wanakoangalia, kisha usogeze darubini polepole mpaka ukingoni mwa nyasi. Kwale akiruka ghafla kutoka mahali pasipo gari wala mtu, hesabu pumzi kumi ukiangalia alipotokea.

Usitafute paka mzima. Ukitafuta paka mzima utaviona vichuguu tu, maana kichuguu chenye udongo mwekundu asubuhi kina umbo la paka aliyeketi, na nimevisalimu vingi. Tafuta kipande: pembe mbili nyeusi juu ya nyasi, mstari wa mgongo uliolala sawa mno kwenye nyasi zinazotikisika, au kivuli kizito kuliko kichaka chenyewe.

Saa nne hadi saa tisa alasiri rudini mkalale. Wanaong'ang'ania jua la mchana hufika jioni macho yamechoka, na jioni ndiyo nafasi ya pili. Mkitaka kutumia mchana, nendeni kinamasi kumwangalia mondo, ambaye huwinda hata jua likiwa juu kidogo.

Sasa niseme tulivyomwona, maana maelezo haya yote yalikutana siku hiyo. Ilikuwa siku ya tatu, saa kumi na mbili na nusu, korongo dogo kavu upande wa kusini wa ziwa. Kanga walikuwa wanapiga kelele kwenye mgunga mmoja, na mzee akazima injini bila kuambiwa. Tukakaa. Dakika kumi zikapita, kisha ishirini. Mwenzangu mmoja akaanza kufungua chupa ya maji na mzee akainua kidole kimoja tu juu ya usukani. Kama mita arobaini mbele, juu ya nyasi, kulikuwa na nyuzi mbili nyeusi. Moja ikatikisika, nyingine ikabaki. Halafu ya pili ikatikisika, ya kwanza ikabaki. Hakuna jani linalofanya hivyo.

Akainuka taratibu, na nyuma yake jua likapita kwenye manyoya ya tumbo yakawa kama yamewashwa. Midomo myeupe, mstari mweusi kutoka jichoni hadi puani. Alikuwa anamwangalia tandawala aliyekuwa akitembea uwandani kwa maringo yake. Akashuka, akasogea hatua sita, akasimama. Akasogea tena nne. Aliporuka sikuuona mruko wenyewe, niliona tu mwili umeshanyooka hewani na ndege akipiga mabawa chini kidogo ya makucha. Alimkosa. Akatua, akaketi, akalamba bega mara tatu kama asiyehusika, akarudi korongoni bila kutuangalia hata mara moja. Hakuna aliyepiga picha inayofaa. Mzee alikuwa anafuta macho na mkono wa shati, na ni kazi aliyoifanya zaidi ya miaka ishirini.

Hatua ya saba: ukimwona

Simama hapo hapo ulipo. Mita thelathini ni karibu vya kutosha. Usisimame juu ya kiti kwa kishindo, usifungue mlango, usipige mluzi ili ageuke. Gari lisikae kati yake na kichaka, kwa sababu kichaka ndicho mlango wake. Akilaza masikio na kujibana chini, umeshamkera. Rudi nyuma polepole. Ukiona watoto, angalia kwa dakika mbili tatu kisha ondoka, maana fisi na simba husoma mkusanyiko wa magari kama sisi tunavyosoma kelele za kanga.

Mwombe dereva asitangaze kwenye redio mpaka mnyama amekwenda zake. Najua madereva husaidiana na ni tabia njema, lakini duma amezoea magari, huyu hajazoea.

Na kwenye simu zima kipengele kinachoandika mahali picha ilipopigwa kabla hujaituma popote. Simbamangu na mondo hununuliwa na watu wa mbali wanaotaka kuwafuga majumbani, na korongo analolala ni anwani yake. Sema "Ndutu" inatosha.

Hatua ya nane: usiku

Kambi hazina uzio. Chakula kisilale hemani, na ukiingia hemani usitoke hovyo. Simba na tembo hupita kati ya mahema, nimeziona nyayo asubuhi. Kutembeza gari usiku hakuruhusiwi pale. Ukitaka mzunguko wa usiku wenye kibali, unapatikana Ziwa Manyara, na kwa Kenya kwenye hifadhi za jamii zinazopakana na Maasai Mara. Mkienda, taa iwe na kioo chekundu na isitue machoni mwa mnyama kwa muda mrefu, kwani anayepofushwa hawezi kuwinda wala kukimbia.

Hatua ya tisa: daftari

Andika siku hiyo hiyo: tarehe, saa, aina ya uoto, hali ya hewa, alikuwa anafanya nini, mlimwangalia muda gani. Andika pia asubuhi ambazo hukuona kitu, na muda mliotafuta. TAWIRI, taasisi yetu ya utafiti wa wanyamapori iliyoko Arusha, imekuwa ikikusanya taarifa za wanyama wala nyama nchini, na hawa wadogo ndio wanaoripotiwa kidogo kuliko wote. Huko ndiko pa kupeleka mahali halisi ulipomwona.

Daftari langu la safari nne lina kimburu wanane, mondo kumi na mmoja, asubuhi tisa ambazo mbele yake nimeandika "hakuna", na simbamangu mmoja, 6:50 hadi 6:54, korongo kavu, upepo wa mashariki, tandawala kaponea.